Makufuli ya Mtondoo

Katika nchi moja, ambayo jina lake tumeombwa tulisahau na sisi kwa utiifu wetu tumelisahau, fedha za kuzuia uhalifu ziligawanywa kwa haki tupu. Asije mtu akasema kulikuwa na upendeleo. Kanuni ilikuwa moja, fupi, imebandikwa ukutani katika kila ofisi: fedha huifuata hofu. Wanaoogopa sana wapewe sana. Wasioogopa wapewe pongezi.

Sasa hofu utaipimaje? Haina uzito, haina urefu. Wataalamu wa Wizara ya Kuzuia Mambo Kabla Hayajatokea walijifungia hotelini kulitafakari jambo hilo, wakala, wakatafakari, wakala tena, mpaka mmoja wao alipokwenda kulala akajikuta anafunga mlango kwa kufuli. Akapiga kelele ya furaha. Mwenye hofu hufunga! Asiyefunga haogopi! Tangu hapo hofu ya nchi nzima ikawa inapimwa kwa kuhesabu makufuli.

Jiji Kuu, ambako hata mapipa ya taka yalikuwa na kufuli, likazoa fedha zote. Likanunua makufuli mengine. Ukaguzi uliofuata ukakuta hofu imeongezeka, likaongezewa fedha. Watu wa Jiji walikuwa wakifunga hata vitu wasivyokuwa navyo.

Mtondoo ulikuwa mji mdogo mbali na huko, na haukuwa na kufuli hata moja. Pale mtu akitoka nyumbani alikuwa akilaza mchi wa kutwangia kizingitini, basi. Mchi uliosimama ukutani maana yake mwenyewe yumo, piga hodi. Mchi uliolala maana yake katoka, na mtaa mzima unajua na unatupia jicho. Hakuna aliyewahi kuruka mchi wa mwenzake. Hata kuku walikuwa wakiuzunguka, ingawa kuku huenda walikuwa wanaogopa kupigwa.

Basi wezi wa Jiji, kwa wingi wa makufuli, wakakosa kazi. Serikali ikawaonea huruma. Ukatangazwa Mpango wa Kusambaza Uhalifu kwa Usawa, wakapandishwa mabasi, tiketi za kwenda bila kurudi. Waziri aliulizwa redioni.

"Uhalifu ni wa taifa zima," akasema. "Si haki Jiji liubebe peke yake, na miji midogo imekaa tu inakula hewa."

"Na fedha za kuuzuia, mheshimiwa, nazo zitasambazwa?"

"Hapana, hizo zitabaki Jijini. Barabarani kuna wezi."

*

Siwema aliisikiliza redio hiyo akiwa anasuuza vikombe. Alikuwa mpika chai wa halmashauri ya mji, mjane, na alikuwa na mtoto mmoja tu, Zawena, wa darasa la pili, mdomo kama cherehani. Hakuielewa sana ile habari ya usawa. Aliielewa mchana uleule aliporudi nyumbani.

Mtu asiyemjua alikuwa anatoka kwa jirani yake, Bi Kazija. Mchi ulikuwa umelala. Yule mtu aliuruka taratibu, kama anaruka kidimbwi, ameshika redio ya Bi Kazija kwapani. Alivaa viatu vya njano, vinang'aa. Hakukimbia. Alivuka njia mpaka kwenye kizingiti cha Siwema alipokuwa amekaa Zawena anachambua mchele, akainama.

"Mtoto mzuri. Mama yuko wapi?"

"Kazini," akasema Zawena. "Na wewe kwenu wapi? Mbona umeruka mchi?"

"Zawena!" Siwema alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Yule mtu akageuka, akamtazama Siwema juu mpaka chini, akatabasamu. "Aa, kumbe yupo." Akaenda zake na viatu vyake vya njano, na redio ikawa inamwimbia.

Tangu hapo Siwema akawa hali akashiba. Akikoroga chai anaviona vile viatu. Akimwosha mtoto anaviona. Redio aliisahau, na hata Bi Kazija mwenyewe aliisahau. Kilichomkaa rohoni ni lile neno, mama yuko wapi. Mwizi wa redio anamuuliza mtoto habari za mama ili iweje?

*

Mtondoo wakaomba fedha. Walitaka taa njiani na askari wa pili, kwa sababu askari wao, Konstebo Chambuso, alikuwa mmoja tu, na filimbi yake ilikuwa imekufa. Wizara ikamleta Mkaguzi Mwandamizi wa Hofu, Bwana Mdachi, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani ya akiba. Alizunguka mji kutwa, akaja kukaa ofisini kwa Mwenyekiti Kilembwe, Siwema akimmiminia chai.

"Nimesikitika," akasema Mkaguzi. "Mji hauna hofu kabisa. Sijaona kufuli hata moja."

"Lakini tumeibiwa, mheshimiwa!" Mwenyekiti akasema. "Redio, baiskeli, mbuzi wa mwalimu!"

"Kilivunjwa nini?"

"Hakikuvunjwa kitu. Hakuna cha kuvunja."

"Basi hamjaibiwa. Mlitembelewa." Akanywa chai. "Wizi ni kuvunja. Pasipovunjwa pana wageni tu, na wageni ni wizara nyingine."

Siwema hakuwa na ruhusa ya kusema mbele ya wakubwa, ila aliliweka birika chini na mdomo ukafunguka wenyewe. "Mzee, samahani. Mimi naogopa. Usiku silali. Nina mtoto."

Mkaguzi akabadilisha miwani ili amwone vizuri. "Una kufuli, mama?"

"Sina."

"Basi huogopi. Una wasiwasi. Wasiwasi peleka hospitali, wakupe vidonge."

Akaondoka. Mtondoo wakapewa pongezi, kwenye fremu.

*

Mwenyekiti Kilembwe hakuwa mjinga. Aliitisha mkutano, akapanda juu ya meza.

"Ndugu wananchi! Tumekuwa tukiogopa kienyeji! Tunaogopa moyoni, nani ataona? Kuanzia leo tuogope kisasa! Kila mlango na kufuli lake, na liwe upande wa barabarani! Dirisha likipigiwa mbao linahesabiwa nusu ya kufuli, msiache mbao zikaoza bure!"

Watu wakauza kuku, wakauza vitenge, wakanunua makufuli. Yalikuja kutoka Jijini, yale ya zamani waliyochoka nayo. Siwema alinunua kubwa kuliko yote dukani, zito kama jiwe la kusagia. Akapigia mbao dirisha lake la pekee, tena akapigia kwa hasira, akiona kila msumari unaingia kwenye kiatu cha njano.

Asubuhi ya kwanza alipolifunga, Bi Kazija alikuwa amesimama kwake, mikono kiunoni.

"Mama Zawena, unanifungia mimi?"

"Sikufungii wewe, dada. Namfungia yule mtu."

"Yule mtu hayupo. Mimi ndiye niliyepo. Kufuli lako linanitazama mimi, kutwa, kama nimekwisha kuiba."

"Dada, mimi nina mtoto."

"Nami namlinda huyo mtoto tangu anatambaa! Nani alimtoa shanga puani? Sawa. Funga mwenzangu, funga. Mimi macho yangu nayapumzisha."

Na ndivyo ilivyokuwa mtaa mzima. Kila mmoja aliliona kufuli la mwenzake akalichukulia kuwa ni tusi, akanunua lake kujibu. Michi ikarudi kwenye vinu. Zamani mtu akikohoa nyumba ya tatu inauliza kulikoni. Sasa mtu alikuwa anaweza kupiga mwayo, akakohoa, akaanguka, na majirani wakasema, kafunga mwenyewe, ana mambo yake.

Siwema naye alipata njia. Zawena akitoka shule mchana, mama anatoroka kazini kidogo, anampa chakula, anamfungia ndani kwa nje, anarudi kumimina chai. Hata jiko la mkaa, ambalo siku zote lilikaa uani, sasa lilikuwa ndani. Kufuli likishakuwepo, chochote kilicho nje kinaonekana kama kimetupwa.

"Mama, nikitaka kutoka?"

"Utoke uende wapi?"

"Kwa Bibi Kazija."

"Bibi Kazija amepumzika."

"Sasa mimi nimefanya nini, mpaka nifungwe? Mwizi ndiye afungwe."

"Nyamaza, mwanangu. Unafungwa ili uwe salama."

"Na kuku waliofungwa sokoni nao wako salama?"

Siwema akamfungia kufuli usoni, kli, akaondoka mbio. Alikuwa akilia, lakini alikuwa na amani. Aliamini ni amani.

*

Siku ya ukaguzi wa pili alikuja Naibu Waziri mwenyewe, na bendi ya matarumbeta, na gari la bendi, na gari la kuilinda bendi. Ilikuwa alasiri. Amri ilitolewa mapema kwamba kila mlango uwe umefungwa, maana kufuli lililo wazi ni chuma tu, na kila mtu awe uwanjani na ufunguo wake mkononi auonyeshe. Siwema aliacha maharage jikoni, mkaa umechochewa kidogo, Zawena akiambiwa ayaangalie. Akafunga. Akasema, dakika chache tu, mwanangu, mama anakwenda kugawa chai kwa wageni.

Naibu Waziri aliyatazama makufuli kwa darubini, akafurahi mpaka akapiga makofi peke yake. Halafu uso ukabadilika.

"Hizo ni nini mmeshika?"

"Funguo, mheshimiwa," Mwenyekiti akasema.

"Zote? Mikononi mwa wananchi?" Akashika kifua. "Jamani! Yaani kila mtu hapa anaweza kuingia nyumbani kwake wakati wowote anaotaka? Huu ni uzembe wa kutisha! Penye ufunguo mlango haujafungwa, umesubirishwa tu! Hebu zikusanywe, zikatunzwe Jijini, kwenye Ghala la Funguo la Taifa. Zitatolewa pacha. Pacha mtarudishiwa. Hizi mama, za asili, zitabaki kwetu."

"Si zitunzwe hapahapa?" mzee mmoja akauliza.

"Hapa hapana usalama. Fedha za usalama hamna."

Ikatafutwa sinia. Sinia lililokuwa karibu lilikuwa la chai, na aliyelishika alikuwa Siwema. Vikombe vikaondolewa. Akaambiwa apite katikati ya watu, na matarumbeta yakaanza.

Alipita. Funguo zilidondoka siniani, kli, kli, kli. Watu hawakumtazama usoni. Kila ufunguo ulivyodondoka naye alikuwa akijiambia, wanazihesabu tu. Wakishahesabu watarudisha. Hawawezi kuondoka nazo. Serikali haiwezi kuwafungia watu nje ya nyumba zao wenyewe, haijafika huko. Alipofika mwisho wa mstari, Mwenyekiti Kilembwe alikuwa amemsimamia, jasho linamtoka.

"Na wako, Mama Zawena."

"Mheshimiwa, mtoto wangu yumo nda..."

"Usitutie aibu mbele ya wageni. Watu wote wametoa. Toa utarudishiwa."

Naibu Waziri alikuwa anatazama. Bendi ilikuwa inatazama huku inapuliza. Siwema, ambaye kwa ajili ya mtoto angeingia mdomoni mwa chui, hakuweza kusimama peke yake mbele ya tarumbeta. Akautoa ufunguo kifuani alikoufunga kwa uzi, ukiwa na joto la mwili wake, akauweka siniani. Sinia likatiwa sandukuni, sanduku likatiwa garini, na magari yote matatu yakawasha.

"Hawajahesabu!" Siwema akasema. "Mheshimiwa, hawajahesabu!"

"Watahesabu huko huko," Mwenyekiti akasema, naye akiyapungia magari mkono. "Tabasamu."

*

Alikimbia. Alilikimbilia gari kwanza, hilo ndilo aliloona aibu kulisema baadaye, alikimbilia gari kabla ya kukimbilia mtoto. Vumbi likamrudisha. Ndipo akaona mtaani kwao, juu ya paa lake, kitu kama ukungu, na mchana ule haukuwa na ukungu.

Moshi ulikuwa unapenya kwenye mbao za dirisha. Ndani Zawena alikuwa anakohoa. Siwema alilivamia kufuli kwa kucha.

"Zawena! Lala chini! Zawena, unanisikia?"

"Mama, kanga imeangukia jikoni. Mama, fungua."

"Nafungua. Nafungua, mwanangu."

"Mbona hufungui?"

Akapiga yowe. Yowe la Mtondoo wa zamani lilikuwa linatoa watu bafuni na povu. Majirani walikuwepo, wote, wametoka uwanjani na kila mmoja amesimama mbele ya mlango wake uliofungwa, mikono mitupu. Walilisikia. Kila mmoja alitazama kufuli lake, halafu akatazama chini. Konstebo Chambuso alikuja mbio, akafika, akasimama wima.

"Afande, vunja!"

"Mama, kuvunja kufuli ni jinai. Mkaguzi alikwisha kusema, wizi ni kuvunja. Ndilo kosa kuu kuliko yote."

"Mwanangu anakufa!"

"Naona, mama. Naona kabisa. Lakini kosa nimwandikie nani?"

Ndani kukohoa kukapungua. Hicho ndicho kilichomtisha Siwema kuliko moshi, kile kimya kinachokuja kidogo kidogo. Akaanza kupiga mlango kwa kichwa.

Ndipo akasukumwa pembeni. Bi Kazija alikuwa ameshika mchi wake aliouchomoa kwenye kinu uani, ule wa mninga, mzito, kichwa chake kimelika kwa miaka ya mahindi.

"Nauliza mbele ya watu," akasema, "ili kesho nisiambiwe nimeingia bila hodi. Mama Zawena, nivunje?"

"Vunja, dada! Vunja!"

"Bi Kazija," Konstebo akasema kwa huzuni, "ukivunja nitalazimika kuona."

"Basi geuka, mwanangu, utazame kule."

Konstebo akageuka, akatazama kule. Alikuwa na bidii ya kutazama kule, hata akafunika macho kwa kofia. Bi Kazija akautwanga mlango kama anavyotwanga mahindi ya harusi, mara moja, mara mbili, na kufuli zito kama jiwe la kusagia likabaki zima, likining'inia kwenye kipande cha ubao, maana mlango wenyewe ndio uliopasuka.

Wakamtoa Zawena akiwa mweusi kwa masizi, macho yamemtoka. Alikohoa sana. Halafu akasema, "Maharage yameungua, si mimi," na Siwema akakaa chini palepale kwenye vumbi.

*

Habari njema ilifika kutoka Wizarani: Mtondoo umepata uhalifu! Mlango umevunjwa, kufuli limeonekana likining'inia. Mwenyekiti Kilembwe akaja na matarumbeta ya kuazima.

"Mama Zawena, umetuingiza kwenye ramani! Fedha zinakuja! Sasa mtaje tu mvunjaji, Wizara haiwezi kulipia jinai isiyo na mwenyewe."

"Ni mimi," Siwema akasema.

"Anasema uongo huyo," Bi Kazija akadakia. "Mkono huu ulivyo kama ufito avunje mlango? Ni mimi."

"Ni mimi, mheshimiwa. Mlango ni wangu."

"Na mchi ni wangu!"

Mwenyekiti akamgeukia Konstebo Chambuso. "Wewe uliona nani?"

"Mimi, mheshimiwa, nilikuwa nimegeuka."

Jinai yenye wahalifu wawili wanaogombana, na shahidi aliyegeuka, haikuingia kwenye hesabu. Ikafutwa. Fedha zikarudi Jijini, au tuseme zikabaki, maana hazikuwa zimetoka. Ila Wizara haikuwa na kinyongo. Iliahidi kumletea Siwema mlango mpya na kufuli jipya, la bure kabisa, na ufunguo wake utunzwe Ghalani.

Wakati huo watu wengine wa Mtondoo walikuwa wanalala sokoni kwenye mikeka, wanasubiri pacha za funguo zao. Nyumba zao hazikuingiwa na mtu, hata wenyewe. Wizara ikaitoa hiyo kama mfano kwa nchi nzima. Pacha zilipofika kila mtu akarudi kwake, akashukuru, akafunga. Hakuna aliyeuliza mama za funguo zimelala wapi, na zinalindwa na nani. Ghala lilihitaji wafanyakazi wenye uzoefu wa makufuli, na Wizara ilikuwa inawajua watu wa namna hiyo. Iliwahi hata kuwakatia tiketi.

*

Nyumba ya Siwema peke yake ndiyo haikuwa na mlango. Alitundika pazia, akalaza mchi wa Bi Kazija kizingitini mahali pa mlango, ingawa wenyewe wamo, na wakawa wanashinda hapo wote watatu, yeye na jirani yake na Zawena katikati. Kazi ya chai aliiacha.

Hapo ndipo walipokuwa, saa ya watu kuwa mashambani na madukani, mtaa mtupu, jua limekaa juu ya mabati, waliposikia mtu anapiga hodi.

"Hodi?" Sauti ya adabu. Nyumba ya mwanzo wa mtaa. "Hodi wenyewe?" Halafu, kli. Mlango ukafunguka. Baada ya muda ukafungwa, kli, vizuri, kama ulivyokuwa.

"Hodi?" Nyumba ya pili.

Alikuwa na sare ya khaki, imepigwa pasi, na beji kifuani, na kitita cha funguo kiunoni kikubwa kama mzinga wa nyuki. Nyuma yake mkokoteni ulikuwa unajaa taratibu: godoro, cherehani, sufuria. Konstebo Chambuso alikuwa amesimama kona, amepiga saluti.

"Afande!" Siwema akaita. "Afande, anaiba!"

"Havunji kitu, mama," Konstebo akasema, sauti kama anataka kulia. "Ana ufunguo. Mwenye ufunguo ni mwenyewe. Nimwandike kosa gani?"

Yule mtu alikuja nyumba kwa nyumba. Alipofika kwa Bi Kazija alichagua ufunguo bila hata kutazama. Siwema hakuwa anatazama funguo, alikuwa anatazama chini, kwenye miguu. Viatu vya njano.

Akavuka njia. Akasimama mbele ya mchi. Aliutafuta mlango, akaona pazia. Akalitafuta kufuli, akaona wanawake wawili wamekaa bega kwa bega na mtoto. Vidole vyake vikapitia kitita chote, taratibu, mara moja, halafu tena kwa kurudi nyuma, na kwa mara ya kwanza vilikosa.

"Wa hapa ni upi?"

"Hapa hapana," akasema Bi Kazija, na mkono wake ukaushika mchi.

Akautazama mchi. Siwema aliona mguu mmoja wa njano unajiinua, kidogo tu, kama wa kuruka kidimbwi. Akamvuta Zawena akamfunika kwa mwili wake wote, akapiga yowe. Na nyumba ya nne mtu akatoka na mchi. Ng'ambo mwingine. Si wengi. Wazee na wagonjwa waliobaki mtaani, na mama mmoja aliyejifungua juzi, kashika mchi na kashika kitoto kichanga. Lakini walitoka, wakasimama.

Mguu ukashuka.

Yule mtu akatabasamu. Akauvuta mkokoteni mpaka kwenye kivuli cha ukuta ng'ambo ya njia, akakaa juu ya godoro la watu, akatoa kitambaa, akaanza kung'arisha viatu.

"Mtoto mzuri," akasema, "mwambie mama asihangaike. Sina haraka. Mlango wenu mpya uko njiani, na ufunguo wake nimekwisha kuuona."

Na huko mbali, upande wa barabara ya Jiji, likasikika lori linapanda mlima, limebeba kitu kizito.

Wenye watoto, habari ndiyo hiyo. Mkishaisoma, inukeni kwanza mkaite jina la jirani, muone kama bado anaitika.